Nauli ya Marangu

Baba Elisaria,

Maharage yako kwenye sufuria, yapashe tu.

Asubuhi nilifungua daftari nimalizie bajeti ya kwenda kumwona mama Marangu, nikakuta umekata jina lako. Pembeni umeandika: "Kwa nauli yangu mnunulie Bibi blanketi."

~~Nimekasirika.~~ Nililia kidogo.

Nikampigia mama kumweleza. Akacheka: "Mablanketi ninayo matatu! Mkwe wangu ndiye sijamwona tangu mavuno ya kahawa ya mwaka juzi."

Basi blanketi nimelifuta, jina lako nimelirudisha. Sukari na majani ya chai vinatosha. Siku nyingine hela ikipungua uniambie, usijitoe kimyakimya.

Jumamosi tunapanda basi wote. Suruali yako nyeusi nimeipeleka kwa fundi, usihangaike kuitafuta.

Mama Elisaria