Mkono Uliotoka Nje ya Kopo

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mvua. Barabara ya kutoka Karatu kwenda geti la hifadhi tupu. Watalii wamekimbia matope, na sisi kwenye kibanda cha vinyago tumebaki kutazamana na simba wa mti. Ndiyo maana wanaume wamejitafutia vita.

Vita vya mezani. Emilian ndiye aliyeuleta mchezo huu kutoka Arusha. Sheria ziko kwenye simu yake, kurasa na kurasa za Kiingereza, na nina hakika kasoma nusu. Kila mtu ana jeshi lake la vinyago vidogo. Vilima ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi, mto ni kitambaa cha buluu, kisima ni kizibo cha soda katikati ya meza. Unapima mwendo kwa futi kamba, unarusha dadu, unampiga adui. Ila lazima kwanza umwone. Na ugomvi wote unaanzia hapo kwenye kuona.

Leo kaka yangu Martini alimficha twiga wake nyuma ya kilima. Kichwa kikabaki juu, kinachungulia. Emilian akasema namwona, namrushia mkuki. Martini akasema unaona kichwa, na kichwa si twiga! Emilian akauliza basi kile kilichosimama juu ya kilima ni nini, mnara wa simu?

Walifika hatua ya kushikana mashati. Mimi nilikuwa pembeni napiga tembo msasa, vumbi puani, kichwa kinauma. Nikawapigia kelele: inama, weka jicho lako usawa wa jicho la askari wako, ukiona hata sikio, umeona! Wakakubaliana kwamba mimi ndiye mwamuzi. Sababu: sina jeshi, na sauti yangu inasikika hadi stendi.

Sitonik, yule mchongaji wa Ololosokwan, kule Loliondo, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sijui kwa nini nimeliandika hilo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimewapa kazi!

Watu wengine wakishindwa kwenye hukumu wananuna. Hawa wanachukua patasi. Nimefika asubuhi nakuta Martini anachonga twiga aliyelala. Twiga! Amelala ubavu, shingo imenyooshwa chini. Namuuliza huyu anaumwa? Anasema hapana, anapumzika, na sasa kilima chochote kinamtosha.

Jumamosi, 12 Aprili

Majeshi yote yamelala. Simba wa Emilian ni bapa kama chapati, amemwita simba anayenyemelea. Mikuki imeshikwa chini chini. Sitonik peke yake ndiye ana watu waliosimama, na wote wakafa mapema, maana walionekana kutoka kila kona.

Nikamuuliza mbona wako hawalali. Akasema: "Mlinzi akilala, ng'ombe analiwa." Halafu akaendelea kuokota wafu wake mmoja mmoja, anawafuta vumbi kwa kidole.

Nikasema basi, inatosha. Nimekwenda kwa Mama Sabina wa chakula, nimeomba makopo matupu. Kopo dogo la nyanya, kopo la siagi, kopo kubwa la maziwa ya unga. Sheria mpya: kila kinyago kina kopo lake, askari la nyanya, simba la siagi, twiga la maziwa. Ukibisha kama kinaonekana, tunaweka kopo mahali pake. Kopo likionekana, kimeonekana. Kopo likigusa, kimegusa. Awe amelala, amesimama, amepiga magoti anasali, sijali! Kilicho nje ya kopo hakipo.

Emilian alisema oya, hii noma, hata wazungu hawajafikiria. Nikajibu kwamba wazungu hawana Martini.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Twiga kasimama tena. Nimefurahi kama ndugu yangu katoka hospitali.

Jumamosi, 26 Aprili

Sitonik kaja na fahali. Mzuri! Nundu, mkunjo wa ngozi shingoni, na pembe ndefu zilizofunguka huku na huku. Kopo la siagi halimfuniki. La maziwa halimfuniki. Martini akacheka hadi akakohoa. Emilian akakimbilia kwa Mama Sabina, akarudi na sufuria ina makande ndani bado, na Mama Sabina nyuma yake na mwiko.

Nikaamua: fahali ni kopo la siagi, kama simba. Pembe haziko.

Sitonik akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Mwamuzi, kwetu ng'ombe tunamjua kwa pembe na rangi. Ukiziondoa, utamjuaje huyu ni yupi?"

Nikasema nitamjua kwa sababu ni wako.

Kibanda kizima kikapiga mluzi. Nikawaambia wapime mwendo, zamu ya nani? Masikio yanawaka hadi sasa hivi naandika.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, lakini nilikwenda kibandani kumalizia oda ya vifaru. Sitonik alikuwepo. Tulifanya kazi kimya kimya, yeye tezo, mimi msasa na kiwi ya kung'arishia. Tumezoea hivyo. Ni raha yake.

Halafu akasema, kama anayesema mvua itanyesha: Jumatatu ya tarehe kumi na mbili anarudi Ololosokwan. Kambi moja ya watalii kule inataka mchongaji. Labda ashinde fainali ya mchezo wetu wa kibandani. Mshindi ataenda na Emilian kwenye mashindano Arusha mwezi wa sita, na akishinda itabidi abaki hapa afanye mazoezi. Amewaambia wa kambini hivyo.

Nikasema sawa.

Sawa! Ndilo neno nililolipata kichwani kote! Nimempiga kifaru msasa hadi pembe yake imekwisha. Sasa ni kiboko.

Jumamosi, 3 Mei

Nusu fainali. Emilian katolewa na Sitonik, sasa anadai kopo la siagi lina upendeleo. Fainali ni wiki ijayo: Sitonik na Martini.

Martini kaniambia njiani tukirudi nyumbani: "Dada, nakuomba kitu kimoja, uwe fea." Nikamuuliza lini sikuwa fea. Akasema hajawahi kuona, ila ana macho.

Jumamosi, 10 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu walijaa hadi madereva wa watalii walikuja kuangalia. Sitonik akafungua kitambaa, akaweka jemadari wake mpya mezani. Mwanamke. Kajifunga kanga kiunoni, kidevu juu, mguu mmoja mbele. Na mkono wa kulia umenyooka kabisa, kidole kinaelekeza, vilevile ninavyofanya mimi nikitoa hukumu. Hadi kovu langu la patasi kwenye kidole gumba kaliweka! Kitu kidogo vile!

Watu wakapiga kelele, mwamuzi huyo, mwamuzi kaingia vitani! Mama Sabina akapiga vigelegele. Mimi nikasema jemadari ni kopo la nyanya, kama binadamu wote, tuendelee. Sauti ilitoka nyembamba.

Walicheza mchana wote. Mwisho kila mtu alibaki na vichache, Martini akimzidi Sitonik kimoja, na sheria ya mwisho ni kwamba jemadari akigusa kisima kwenye zamu ya mwisho, jeshi lake limeshinda. Sitonik akarusha dadu, akapima, akamsogeza yule mwanamke. Akafika hapo alipofika. Mwili nyuma kidogo ya kizibo. Kidole juu yake kabisa. Kimegusa! Nimeona kwa macho yangu kimegusa.

Martini hakupiga kelele hata kidogo. Alisema tu: "Dada. Kopo."

Kopo halikuingia kwa sababu ya mkono. Nikamtoa jemadari, nikaweka kopo pale pale alipokuwa amesimama. Kati ya kopo na kisima kidole changu kilipita.

Nilitaka kusema mkono unahesabiwa. Nilitaka sana, Mungu ananisikia. Nani angenizuia? Lakini ningemnyang'anya ndugu yangu ushindi wake mbele ya watu. Na Sitonik angekaa Karatu kwa ushindi niliompa mimi, na kila siku ningejua, na yeye angejua.

Nikasema mkono hauhesabiwi.

Martini akabebwa juu juu. Sitonik akampa mkono, akamkumbatia, kisha akanifuata nilipokuwa nafagia maranda ambayo hayakuhitaji kufagiwa. Akasema hukumu ni nzuri lakini hakubaliani nayo. Rufaa inasikilizwa wapi?

Nilikuwa na hasira na kila kitu, na kopo, na Arusha, na nafsi yangu. Nikamjibu: "Kwa baba yangu! Nenda kamlalamikie, yeye ndiye aliyenizaa hivi!"

Akasema sawa.

Sawa, kasema.

Jumapili, 11 Mei

Niko jikoni. Mlango umefungwa. Mama ndiye aliyeufunga, na macho yake yanang'aa vibaya.

Tulitoka misa, tukala, baba akakaa na redio yake. Hodi! Sitonik. Shati limepigwa pasi. Na mbele yake, shuka mpya ya rubega begani, fimbo mkononi, Mzee Metui, baba yake mdogo, ambaye alishuka kutoka Nainokanoka, kule milimani, kwa ajili ya mnada wa mifugo. Wamebeba sukari na majani ya chai.

Kaja kukata rufaa kweli! Na kwao mtu hapeleki lalamiko nyumbani kwa watu peke yake kama mkimbizi, anakwenda na mzee wa kumsemea. Sitonik aliwahi kunieleza tukiwa kazini. Mimi najua hilo. Martini amelielewa. Baba hajui chochote kuhusu makopo. Baba ameona mzee wa heshima, kijana aliyenyoa ndevu, na sukari, Jumapili mchana, kwenye nyumba yenye binti.

Nawasikia kupitia ukuta. Wameulizana habari za mvua. Habari za mifugo. Habari za barabara. Mzee Metui hana haraka hata kidogo, hata kikombe cha chai hajakimaliza. Hatimaye kasema: "Mzee mwenzangu, sisi tumekuja kwa ajili ya huyu binti yako Laurencia. Kijana wetu ana neno naye."

Baba kazima redio.

Martini akasema baba, haya ni mambo ya mchezo tu. Baba akamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea, na toka lini neno la namna hii likawa mchezo?

Baba kakohoa kile kikohozi chake cha mkutano. Anasema amefurahi wamekuja kwa adabu. Binti ana wazazi, ana dini yake, ana kazi ya mikono. Yeye baba hana ubaya na mtu wa kabila lolote. Ila kabla ya yote anataka kujua, hawa vijana wenyewe wanapatana?

Mzee Metui nadhani ndipo alipoona ameingia mlango mwingine. Lakini ni mzee, hakushtuka. Kamgeukia Sitonik, kamuuliza vilevile: mnapatana?

Nilisimama na sahani mkononi. Mama naye kasimama.

Sitonik akasema: "Tunapatana, shikamoo mzee. Kuna jambo moja tu hatujakubaliana. Hilo tutalimaliza wenyewe polepole."

Hakumsahihisha baba! Alikuwa na nafasi, akasalimia mara ya pili badala yake, na hakumsahihisha!

Sasa baba anataka niende nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama ananifunga kitenge chake kipya, ananivuta huku na huku hadi kalamu inaruka. Sentensi moja tu ingetosha: baba, hawa wamekuja kwa habari ya kinyago. Mzee angecheka, sukari ingebaki, na kesho gari la Loliondo lingeondoka na mtu wake. Ninayo hapa mdomoni.

Martini kaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, anatoka jasho. Dada, nenda ukawaambie wameelewana vibaya, wewe si ndiye mwamuzi, wewe si ndiye mwenye haki! Usiposema wewe, nasema mimi.

Nimemwambia: fungua mdomo wako, na fainali ya jana inarudiwa.

Ametulia. Baba anaita tena —