Hapakuwa na Mtu wa Kupitia

Suva,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na macho hayajazidi kukusumbua tangu Krismasi. Magoti je? Bado unayakanda kwa mafuta ya nazi, au umeyachoka kama ulivyozichoka dawa za hospitali? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haikatiki na nguo zangu zote zinanuka uvundo. Msalimie Shangazi Vasiti. Mwambie mkeka wake umefika, nimeutandika, na bado sijaolewa, maana najua atauliza hilo kabla salamu hazijaisha.

Shangazi alinipigia simu siku ya soko kutoka Labasa. Alisema kaka yangu amerudi kutoka baharini na hasemi na mtu. Anakula magimbi yake, anakaa mlangoni, basi. Alisema watu wa kijijini wanaamini kuna kitu kilimtokea huko majini, na wewe hulali kwa wasiwasi. Lala, Mama. Najua kilichompata, na afadhali ukisikie kwangu.

Unakumbuka nilivyochekwa nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Kichina. Shangazi aliuliza kama nataka kurudi kuwakaangia tambi. Mjomba Sikeli alisema ningesomea uuguzi angalau wangepata wa kuwachoma sindano. Nilikuwa nyuma ya pazia nikilia kwa hasira. Kaka alikuwa mlangoni akinoa panga, na bila kuinua kichwa akasema, “Mama, mwambie anayetaka kusoma asome. Meli zote ninazopanda zinaongea hicho hicho, na sisi tunaelekezwa kwa vidole kama mbuzi.” Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Ndivyo tulivyolelewa. Tangu nilipovunja ungo, mimi na kaka hatukuwahi kuambiana neno ana kwa ana. Kila kitu kilipitia kwako. “Mama, mwambie aliyemaliza chumvi anunue nyingine,” naye amekaa pale pale, ananisikia vizuri kabisa. Wenzangu wa chuoni walidhani tumegombana. Niliwaambia kwetu hiyo ni heshima, wakanitazama kama kichaa.

Sasa nisikilize. Sikukuandikia kwamba ofisi ya bandari walikuwa wanataka kuniachisha kazi. Mkuu wangu, Bwana Sefanaia, aliniambia kwa upole kwamba barua za wenye meli siku hizi zinatafsiriwa na kompyuta, na mkataba wangu ukiisha hautaongezwa. Nilichukia, Mama. Nilimaliza miaka ugenini nikijifunza lugha hii, halafu naambiwa mashine imeniwahi.

Ikaja ile dhoruba. Nilikuwa nakunywa chai, Sefanaia akaja mbio, yeye mwenyewe na tumbo lake, akaniambia kuna mtu kwenye simu anapiga kelele na hakuna anayemwelewa. Kilikuwa Kichina. Alikuwa nahodha anaitwa Lin, na meli yake ya kuvua jodari ilikuwa taabani. Wimbi lilikuwa limevunja kioo cha chumba cha usukani, maji yakaingia kwenye mitambo, skrini zote zikazimika. Injini ilikuwa inakohoa. Upepo ulikuwa unamsukuma, na mbele yake aliona povu jeupe toka mwisho mmoja mpaka mwingine. Nilimwomba anisomee mahali alipo kwenye kifaa chake kidogo cha mkononi kilichokuwa bado kizima. Sefanaia akaweka kidole kwenye ramani, na kidole kikatua kwenye mwamba wetu, Mama, kwenye mlango wa Nasavu, ule mwanya wa kupitia mwambani, pale Baba alipokuwa akitupeleka kwa mashua. Nikauliza jina la meli. Ilikuwa ile aliyopanda kaka.

Nilimwambia nahodha kwamba kati ya watu wake kuna Mfiji mrefu mwenye kovu shingoni, amezaliwa pwani ile, amwite haraka. Akajibu kwamba yule ni mtu wa ndoano, hajui meli. Kompyuta ingeitafsiri sentensi hiyo sawasawa na wote wangekufa. Mimi niliisikia sauti ya mzee anayeogopa kudharaulika mbele ya vijana wake. Nikamwambia, kwa ile adabu mwalimu wangu aliyonifundisha ya kusema na mtu mzima, kwamba meli ni yake na neno la mwisho ni lake, ila aazime macho ya huyo mtu kwa muda mfupi tu. Nikasikia anamwita.

Nikaisikia pumzi ya kaka kwenye simu. Nikasema kwa Kifiji, kwa sauti ya kiofisi kabisa, kwamba bandari inauliza mlango uko upande gani.

Akanyamaza.

Alikuwa ameitambua sauti yangu. Nahodha akafoka, “Si nilikwambia? Hajui kitu huyu.” Sefanaia akaniuliza kama simu imekatika. Mama, katika bahari yote ile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kaka anajua kila kitu, na kwamba ananyamaza kwa kuniheshimu. Nilitamani nimpige.

Nilijaribu njia iliyo sawa kimila. Nilimwomba Sefanaia aulize yeye. Kaka akamjibu papo hapo kwamba washike upande wa bara, yaani wa nchi kavu. Nahodha hakujua bara liko wapi katika mvua ile, ikabidi nimgeuzie mimi iwe kushoto. Nikawa na swali, nampa Sefanaia, Sefanaia anamuuliza kaka, kaka anamjibu Sefanaia, nahodha naye anapiga kelele juu yao wote wawili. Jibu likifika, meli imeshasogea na jibu halifai tena. Mara tukasikia chuma kinakwaruza jiwe, kwa muda mrefu, na watu wakipiga mayowe.

Hili ndilo ninalokiri kwako. Nilimsukuma mkuu wangu kwa kiwiko, nikashika simu kwa mikono miwili, nikamwita kaka yangu kwa jina. Nilisema, “Eroni, ni mimi, Unaisi. Mama hayupo hapa. Hakuna mtu wa kupitia. Niambie mimi, nami nitamwambia yeye.”

Nikasikia upepo tu. Halafu akasema, “Unaisi. Mwambie ashike bara, polepole, mpaka maji yawe ya kijani.” Nikamwambia nahodha. Nikamuuliza kaka ni wapi hasa pa kugeukia bahari. Akasema, “Pale Baba alipodondosha kofia.”

Unaikumbuka kofia ile ya kanisani. Tulikuwa watoto, tulicheka mpaka mashua ikayumba, naye Baba akatukasirikia mpaka jioni. Mimi napajua mahali pale. Ni baada ya jiwe linalovunja wimbi mara mbili. Nikamwambia nahodha Lin, kwa Kichina, alitafute jiwe hilo, ahesabu wimbi lake, kisha akate kulia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Akakata. Kelele za povu zikapungua, zikawa nyuma yao, na kaka akasema neno moja tu, “Tumepita.”

Nahodha alikuwa analia bila kujificha. Akaniuliza yule mtu ni nani kwangu. Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema ndiyo maana tunaelewana upesi hivyo, inaonekana tumezoea kuzungumza.

Sefanaia hajataja tena kompyuta. Ijumaa aliniletea mkataba wa kudumu, na anataka niwafundishe vijana wa zamu maneno ya Kichina ya hatari. Mwambie Shangazi tambi zitasubiri.

Nimevunja mwiko wetu, Mama, nikamfanya kaka auvunje nami, na nadhani ndiyo maana hasemi na mtu. Sitajifanya najuta, maana ningeuvunja tena kesho. Lakini kosa ni kosa. Namtuma dereva wa lori la Savusavu na fungu la mizizi ya yaqona ya kinywaji cha upatanisho, ili Mjomba Sikeli amkabidhi kaka kwa niaba yangu na kuniombea radhi kama inavyotakiwa.

Na jambo moja la mwisho. Tangu macho yako yalipoingia ukungu, najua ni nani anayekusomea barua zangu pale karibu na taa, na majibu yako najua yameandikwa kwa mkono wa nani. Ndiyo sababu huwa naandika ndefu. Basi, Mama, mwambie huyo anayekusomea kwamba sauti yake imekuwa ya Baba kabisa, sikuwa najua. Mwambie nilifurahi kuisikia, hata katika hofu ile.

Wasalimie wote wa nyumbani na wa kanisani, na usisahau mafuta ya nazi. Nangoja jibu lako, kwa mwandiko ule ule.

Mwanao akupendaye,
Unaisi