Fimbo Juu ya Matoroli

Cannock,
Jumapili jioni.

Kwako Dada Hilary,

Pokea salamu zetu sote. Vipi hali yako, na shemeji, na ule mguu wake? Baridi ya Kanada imeshawaachia? Sisi huku afya tunayo, ila mimi tangu jana moyo umekataa kutulia, na nisipokuandikia sidhani kama nitapata usingizi.

Jana yalikuwa mashindano ya bendi za vijana, pale pale uwanjani ulipokuwa ukiongoza gwaride enzi zako. Debra wangu mwezi ujao anafikisha umri wa kutoka kwenye bendi, kwa hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kushika fimbo ya kuongozea gwaride. Kombe hatujaligusa tangu uondoke, na mwaka huu hata wapinzani wetu wa Rugeley walikuwa wanakiri kwamba ni letu. Mimi sikwenda. Nilimwambia mtoto kwamba Bwana Tranter, meneja wetu wa supamaketi, amekataa kunipa ruhusa. Alinuna siku nzima, akasema huyo Tranter hakuzaliwa na mama, alitolewa kwenye mashine ya kukatia nyama.

Basi nimekaa kwenye kaunta yangu, napokea pesa ya bibi mmoja mwenye kabichi, nikasikia ngoma kubwa. Kwanza nilidhani ni upepo tu unaileta kutoka uwanjani. Lakini ilikuwa inakuja. Bibi akaniuliza kama kuna maandamano. Nikasahau hata kumrudishia chenji yake, maana sheria unaijua: bendi ikivuka mstari wa uwanja kabla jaji hajapiga filimbi, imejitoa yenyewe.

Nilisimuliwa baadaye kwamba Debra alipofika mwisho wa uwanja hakuinua fimbo kuwageuza wenzake. Na unajua tulivyofundishwa: fimbo isipogeuka, hakuna kugeuka, hata mbele kuwe na ukuta. Wakatoka getini wote, safu zimenyooka, mpaka wadogo wa matoazi. Bwana Clewley, mwalimu wao, akawa anawakimbiza kofia mkononi, akiuliza kama wamerogwa. Wakashuka barabara ya soko, wakajipanga katikati ya matoroli ya wateja, wakapiga nyimbo zao zote mbele ya dirisha la kioo la kaunta yangu.

Dada, nilishikwa na hasira, na aibu, na kilio, vyote kwa pamoja. Kina mama wa bendi waliowafuata nyuma walimzomea Bwana Tranter, wakamwambia kabichi zake akale mwenyewe. Debra aliniambia kwamba kila kola waliyovaa nimeishona mimi, na heri wakose kombe kuliko mimi nikose kuwaona. Kombe limekwenda Rugeley.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna anayelijua. Tranter hakuninyima ruhusa. Sikuiomba. Kila mara fimbo ilipomponyoka Debra, kule Stafford na kule Walsall, mimi nilikuwa nimesimama kando ya kamba namtazama. Nikaamini jicho langu ndilo lenye nuksi, nikajificha kazini ili mwanangu ashinde. Tranter ndiye aliyeniletea chai asubuhi ile. Alipozomewa alinitazama tu. Jioni, tukikusanya matoroli, aliniambia siku nyingine niombe, kwani angenipa. Nilitamani ardhi inimeze.

Na hilo siyo linalonikosesha usingizi. Mwisho wa wimbo wa mwisho Debra aliirusha fimbo juu kuliko nilivyowahi kumwona akiirusha, na hakuifuata kwa macho hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, kupitia kioo. Akaidaka.

Nikishaifunga bahasha hii napanda juu kumwambia ukweli, na kesho nitawaambia Clewley na kina mama, Tranter akiwepo. Niombee. Debra anamsalimu mama yake mkubwa, kwa sasa bado anacheka.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Lorraine