Kidole cha Kanze

Kikoneni, 3 Februari 1999

Mkaza mwanangu Kanze,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila mvua imetukataa na mahindi yamekauka. Chome mwanangu hajambo?

Walipokuja kuandikisha watu wa chakula cha msaada, nilikuwa katika eda ya baba mkweo. Karani alikuwa mwanamume, ukaenda wewe kunitilia kidole kwenye kadi yangu. Sasa yuko karani mwingine mwenye kioo cha kukuzia. Anakuchovya kidole katika wino, analinganisha alama. Mara mbili amenirudisha na gunia tupu. Asema kidole si changu, na kweli si changu. Njoo tarehe ishirini na tano, siku ya mgao wa mwezi huu.

Naandikiwa na mwalimu wa madrasa, kwa hiyo mengine sitayasema.

Mama mkwe wako

Diani, 14 Februari 1999

Shikamoo mama,

Hatujambo. Chome hajapata kibarua tangu hoteli zipunguze watu. Tunakula kwa kazi yangu ya kufua mashuka hotelini, na ruhusa hapa haiombwi ovyo.

Mama, sitaficha. Baba alipozikwa ulisema mbele ya wanawake wote kwamba nimeingia kwako na mguu mbaya. Ndiyo maana tulihama. Mguu uliukataa, leo wataka kidole? Barua yako imeniliza, kwa hasira na kwa huruma. Mwambie karani ukweli.

Mkweo, Kanze

Kikoneni, 20 Februari 1999

Kanze,

Salamu. Hali ni ile ile.

Karani nimemwambia. Hakufoka. Ataka mwenye kadi na mwenye kidole tusimame mbele yake pamoja, la sivyo nafutwa. Ukishindwa kwa sababu ya kazi, sitakulaumu.

Mwalimu aandika neno kwa neno, na majirani wawili wanasikia: baba mkweo aliuawa na maradhi yake, si mguu wako. Nilikukosea. Nisamehe.

Mama

Kikoneni, 28 Februari 1999

Mwanangu Kanze,

Natumai ulifika salama. Mshukuru Judy, mwenzako wa hotelini, aliyekubadilishia zamu, na akisema atakubadilishia kila mwezi, usimkatalie. Unga na maharagwe ni mazuri.

Ulipokwisha kuondoka, karani aliniita. Alitaka aifute alama yako, nitie kidole changu mwenyewe, nisikusumbue tena. Nikaificha mikono ndani ya leso, nikamwambia, "Iache ya mwanangu." Akaniuliza kama najua kwamba usipokuja sitapewa kitu.

Nikamwambia najua.

Mamako