Kipimo cha Somo Yangu

Mama yangu, shikamoo kutoka huku juu Newala kwenye baridi na ukungu.

Mimi mzima, ila jana nusura mnizike. Asubuhi wakati wa kuchoma insulini, shangazi aliyenipa jina lake aliijaza sindano yangu kwa kipimo chake. "Wewe somo yangu na damu yangu," alisema. "Kinachonitosha mimi kitakutosha na wewe." Nami nikakubali kama mjinga. Kabla ya saa sita, tukiwa shambani tunaokota korosho, nikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, miguu ikaisha nguvu. Shangazi akakamua bibo bivu kwa mkono na kunimiminia maji yake mdomoni, likafuata la pili na la tatu. Ukakasi ulinikaba koo, lakini utamu ule ndio ulionirudisha.

Muuguzi wa zahanati hakutufokea sana. Alisema kisukari huenda tumekirithi pamoja, lakini vinasaba vyetu havilingani, na kila mwili unaipokea insulini kivyake.

"Hata kwa somo yangu?" shangazi aliuliza.

"Jina halimo kwenye damu, bibi."

Leo shangazi kafunga uzi mwekundu kwenye chupa yangu ya insulini na mweusi kwenye yake.

Mama, umezoea kusema ukoo wa baba ulinipa kisukari tu. Sasa ongeza na mabibo. Ukisali leo, mtaje wifi yako kwa jina. Ukishalitaja, umeniombea na mimi.

Mwanao,
Zuhura