Mutoto kipofu wa kitabu chetu

Yaya Georgette,

Salamu toka Baraka. Wiki hii ndakala, dagaa yetu ya ziwa, imetoka mingi, na uwanja wote unanuka utoto wetu: mi nageuza samaki kwa vidole, we unanisomea kile kitabu cha zamani cha masista, cha mutoto kipofu wa Ulaya. Nilipenda pale anapoenda sokoni, anapapasa samaki, anamurudishia muuzaji zile za kuoza.

Sasa batoto vipofu ba darasa langu bameomba hadithi. Jana mwalimu mwenzangu Fabien alinisomea kitabu chetu ili nikiandike kwa nukta zetu sisi vipofu. Mutoto haendi sokoni. Anatabasamu, anaomba Mungu, anakufa, batu banalia. Nikamwambia Fabien anaruka kurasa. Akarudia toka mwanzo, pole pole.

Kumbe safari ya sokoni ulikuwa unaitunga we.

Dieumerci, atakayerudi kukusomea barua hii, ametoka kwenye kambi yenu ya wakimbizi. Anasema macho yako pia yamezimika, na siku hizi unakaa tu, unangojea Mungu.

Yaya, kitabu nimekiandika vile ulivyokuwa unakisoma. Kuja. Nitashika kidole chako mpaka tufike sokoni.

Mudogo wako,
Wabiwa