Sehemu ya Pili Ameiona Nesi

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mchana nimekwenda banda la video la Antipasi kuona ile picha inayosemwa kila kona. Ya nje, imetafsiriwa, na mtafsiri mwenyewe ana maneno mengi kuliko mshenga. Fundi wa kuchomelea mkewe mgonjwa, hospitali inamzungusha. Siku moja anaingia wodini na mitungi yake ya gesi, anachomelea milango yote — madaktari na manesi ndani. Hatoki mtu mpaka mke apasuliwe.

Banda zima lilikuwa upande wake. Alipomzaba nesi kibao, watu walishangilia mpaka mabati yakalia. Halafu wakakumbuka nesi wao nipo, wakageuka kunitazama. Nikacheka. Ningefanyaje? Na ukweli ni kwamba dakika kumi kabla na mimi nilikuwa nampigia makofi.

Ikakatika polisi wakiwa wamezunguka jengo. Sehemu ya pili Antipasi hana.

Jumatatu, 3 Februari

Hakuna habari nyingine. Kisimani, mashine ya kusaga, foleni yangu ya zahanati — kote ni fundi yule. Steringi wa picha hafi, wanasema vijana. Mwinjilisti Hosea kauliza: na wale wagonjwa wengine mle wodini, wao hawana wenyewe? Wamemzomea. Watu haohao waliomwamkia shikamoo dakika mbili nyuma!

Dorkas, mhudumu wangu, kamsikia mama mmoja akimfundisha mwanawe: wakikuzungusha, wachomelee. Mtoto mwenyewe ana mafua tu. Sijapenda.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudi kutoka mjini, Mandewa kwa dada, baada ya kupeleka ripoti ya mwezi. Shemeji anayo sehemu ya pili. Nimeitazama yote. Mke anafia mezani. Fundi anakata mlango mwenyewe, anatoka mikono juu, wanampiga risasi palepale kizingitini. Dada alizima tivii.

Dorkas nimemwambia nimeiona. Mwisho sijamwambia.

Jumapili, 9 Februari

Marko kamleta mkewe Luciana kwa baiskeli, kamfunga kwa kanga asianguke. Moyo umechoka. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinazama. Hawezi kulala chali. Nimemchoma sindano ya kutoa maji, zaidi ya hapo zahanati haina kitu. Rufaa nimeandika. Basi limemkataa — konda kaogopa kubeba maiti. Gari la wagonjwa, wilayani wanasema bovu. Nimepiga tena jioni: bovu.

Marko ni mpole, akikohoa anaomba radhi. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akaniuliza: sista, nasikia sehemu ya pili umeiona mjini, iliishaje?

Nilimtazama Luciana anavyotafuta pumzi. Nikasema mke alipona, na yule bwana akasamehewa.

Sijui nini kilinituma. Nilitaka alale tu, maskini. Akasema ahaa. Hakulala.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepiga mara nne. Bovu. Marko hata uji hakugusa. Jioni katoka, karudi na mfuko mzito, kauweka chini ya benchi. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Februari

Saa nne asubuhi. Marko kaufunga mlango kwa mnyororo wa plau na kufuli. Samahani sana sista, kasema, halafu akafunga. Ndani ni mimi, Dorkas, Luciana, na mama aliyeleta mtoto chanjo. Marko kakaa mlangoni, panga magotini. Naogopa. Naandika ili nisilitazame.

Nje watu wamejaa. Nikadhani wamekuja kumzuia. Wanapiga makofi. Antipasi yuko dirishani, anawatangazia walio nyuma kinachoendelea humu.

Saa tano kasoro. Nimepiga wilayani, Marko akisikiliza. Nimesema tumefungiwa. Siku mbili gari lilikuwa bovu, leo limepona mara moja — linaondoka sasa hivi! Marko alifuta machozi. Nikamwekea mkewe mkono begani, na moyoni nikasema kumbe alifanya vyema. Mungu anisamehe.

Baadaye ikaja meseji kwangu: polisi wako nyuma ya gari, wana silaha, mtulize. Nimeifuta.

Saa saba. Sindano ya mwisho nimeshamchoma. Luciana anahema juujuu. Mtoto wa chanjo kalia mpaka kachoka.

Saa saba na nusu. Antipasi anatangaza kwamba magari yameonekana darajani. Mawili. Watu wanauliza la pili la nini, wengine wanashangilia tu.

Marko kasimama. Panga bado mkononi, ufunguo mkono wa pili. Kaja karibu, kaniuliza kwa sauti ya chini mkewe asisikie: sista, yule bwana mlango aliufungua mwenyewe, au alisubiri wafungue wao?

Nimeinamia daftari, najifanya naandika dawa. Ngurumo za magari zimefika uani. Ananisubiri nimjibu.